Zamu ya Jumapili ya Kanivali

Medellín, 6 Oktoba 2024

Shangazi yangu Belarmina,

Shikamoo. Natumai goti limetulia na mvua ya huko Riosucio haijaanza kupenya jikoni. Mimi mwili mzima, ila nina aibu, na heri niitoe mapema kabla hujaisoma usoni mwangu.

Jana ilikuwa Jumamosi ya tatu mfululizo sikufika huko kwenye mazoezi ya kundi. Najua ulikaa kwenye kiti chako, sindano mkononi, ukiuangalia mlango. Eliécer, kama kiongozi wetu, ameniandikia: "Duberney, sauti ya kwanza haiimbwi kwa simu. Kama umechoka na kundi sema, tumpe mwingine." Nikamjibu kwamba naumwa. Sikuumwa, Shangazi. Nilikuwa mbele ya kompyuta na nguo za kulalia, saa nane mchana, sijanywa hata kahawa.

Ni hii kazi. Mfumo wetu ndio unaopanga miadi ya wagonjwa wa figo: nani awekwe kwenye mashine ipi ya kusafisha damu, saa ngapi, hospitali gani. Ukisimama, hospitali kumi na moja hazijui nani ni nani. Kwa hiyo tunapeana kitu kinaitwa zamu ya simu. Wiki ikiwa yako, simu usiachane nayo hata bafuni. Tangu mwezi wa nane wameniletea msichana wa kumfundisha, Yurany, mtoto wa muuza sambusa za empanada huko Bello. Anajifunza haraka, tena ana adabu, kila Ijumaa ananiletea mbili kwenye kitambaa. Lakini bado ni mgeni, siwezi kumwachia mzigo.

Mwambie Eliécer asinitoe. Kuimba ndicho kitu pekee nilichonacho ambacho hakina neno la siri la kufungulia.

Wako,
Duber, mtoto wa kaka yako


Riosucio, 19 Oktoba 2024

Duberney mwanangu,

Marahaba. Goti ni goti, lina miaka sabini na moja, silidai makuu. Masikio ndiyo yamefunga kabisa. Kengele ya kanisa la Candelaria siku hizi naiona tu ikicheza mnarani kama meno ya mzee. Kwa hiyo usihangaike kupiga, endelea kuandika, dereva wa basi la saa nne ananiletea mpaka mlangoni kwa kikombe cha kahawa.

Sasa sikia. Eliécer alinijia akaniuliza kwa mikono na midomo, "Mgonjwa wako vipi?" Mgonjwa gani? Nikashtuka, nikamwambia, "Ana homa." Akaniuliza, "Homa ya kitanda au ya kompyuta?" Kundi zima likacheka. Tumekuwa waongo wawili katika ukoo, na mimi kazi hiyo sikuisomea.

Mshika mbili moja humponyoka, hilo unalijua. Lakini kuna watu wana mikono mirefu. Marehemu baba yako alichimba dhahabu siku sita, na ya saba akaimba mpaka watu wakasahau kwamba wana njaa. Kanivali ya Shetani inakuja mara moja kwa miaka miwili. Huyo bosi wako anakuja kila siku. Nani mgeni hapo, nani mwenyeji?

Safari hii kundi letu litavaa kama nondo wa mgodini. Mabawa nayashona kwa kitambaa kizito cheusi na vipande vya bati. Nipe kipimo cha kifua chako. Kingali kile kile, au kompyuta imekikunja? Usinidanganye na hapo, bawa halijui adabu, litakubana.

Shangazi yako anayekusubiri


Medellín, 22 Desemba 2024

Shangazi mpenzi,

Shikamoo, na heri ya Krismasi inayokuja. Nakuombea afya, na buñuelo zako zisipasuke kwenye mafuta kama mwaka ule.

Umeona mwenyewe, Jumamosi tano mfululizo nimefika. Saa nne za basi kwenda, nne kurudi, na Jumatatu Yurany ananiuliza mbona natabasamu kama mtu aliyeokota kitu. Ubeti wa tatu nilioutunga sasa Eliécer ameukubali. Alisema, "Huu utawaliza hata wenye nyumba tutakazopita tukiimba." Kutoka kwake hiyo ni medali.

Kitu kimoja tu. Ratiba ya zamu ilipotoka, jina langu liliangukia tarehe tatu hadi sita Januari, kanivali katikati. Usihofu. Nimeshabadilishana na mwenzangu. Nitakuja na kompyuta kwa tahadhari tu, ikae chumbani kwako. Na kwa kuwa vazi la nondo halina mfuko, simu nitakupa wewe uiweke kwenye aproni. Ikitetemeka tu, Shangazi, nifuate popote nilipo, hata kama niko katikati ya wimbo.

Kifua ni sentimita mia na mbili. Nimepima mara mbili.

Duber wako


Riosucio, 11 Januari 2025

Mwanangu Duberney,

Je, ulifika salama? Mimi hapa miguu imevimba, furaha tele, na nyumba nzima bado inanuka pombe ya miwa.

Wanaongea habari zenu mpaka sokoni. Muuza nyama amenipa kipande cha bure akasema, "Hiki ni cha yule nondo." Kwenye nyumba ya nne, ile ya mapacha karibu na kanisa la San Sebastián, niliwaona watu wazima wanalia, mwanamke mmoja ameshika glasi inamwagika na hajui. Sikusikia hata neno moja. Nilikuangalia mdomo tu, nikaangalia nyuso zao. Nikajua.

Lakini uliondoka Jumatatu alfajiri kama mtu anayefukuzwa. Tamale ya kula njiani nilikufungia, ukaiacha juu ya meza. Nilipokurudishia simu Jumapili jioni nikakwambia imezima, uso wako ulibadilika rangi, ukaingia chumbani na ile kompyuta, hukutoka tena. Sikuuliza. Sasa nauliza.

Shangazi yako


Medellín, 2 Februari 2025

Shangazi,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Kazi ni nyingi, ndiyo maana nimechelewa kujibu. Tafadhali usinitumie picha za kanivali, sina pa kuziweka. Mwambie Eliécer mikutano ya kundi ya mwaka huu sitahudhuria.

Duberney


Riosucio, 23 Februari 2025

Duberney,

Salamu umezitoa kama mtu anayetoa nauli. Barua nzima nimeimaliza kabla kahawa haijapoa. Nikaisoma tena na tena nikitafuta alipojificha mwanangu.

Nani amekufa? Umefukuzwa? Una ugonjwa? Ni ile simu?

Mimi nimezeeka, sina muda wa kubembeleza. Niambie.

Belarmina, dada wa baba yako


Medellín, 16 Machi 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Naomba uketi unaposoma hii, na usimsomee mtu.

Sikubadilishana zamu na mtu. Niliwaomba watatu, wote wakakataa, nani anataka zamu wiki ya sikukuu? Ningeweza kumwomba bosi ruhusa. Niliogopa atasema hapana, kwa hiyo sikumuuliza. Nilimwambia nitakuwa nyumbani, na wewe nikakwambia nimebadilishana. Nikaja na kompyuta nikijidai kwamba kwa dakika kumi naweza kuwa nondo na kwa dakika kumi naweza kuwa mhandisi.

Jumapili saa nane na dakika kumi mfumo ulisimama. Mimi wakati huo nilikuwa naingia nyumba ya pili. Kengele ya dharura ilipiga simu yangu, haikupata mtu, ikahamia kwa Yurany, maana jina lake lilikuwa la pili kwenye orodha, la kujazia tu. Miezi mitano kazini. Alinipigia mara kumi na tisa. Simu ilikuwa imezima, na nadhani ni mimi sikuichaji vizuri asubuhi ile kwa ajili ya haraka ya mabawa. Aliniandikia. Bado ninao huo ujumbe: "Duber, nijibu tafadhali, naogopa kugusa." Baada ya saa moja na nusu, hospitali zinampigia, akagusa. Akarudisha orodha ya zamani juu ya ile mpya. Miadi yote ya Jumatatu ikafutika.

Jumatatu watu zaidi ya arobaini walifika kwenye mashine zao, wengine wametoka vijijini usiku, wakaambiwa, "Jina lako halipo, rudi nyumbani." Mzee mmoja, fundi viatu mstaafu, maji yalimjaa mapafuni. Alilazwa siku tisa. Alipona, Shangazi. Nakuandikia kwamba alipona kama vile hilo linanipunguzia kitu.

Lakini hayo siyo yanayonizuia kujiangalia kwenye kioo. Jumanne tuliitwa. Octavio, bosi wetu, akaniuliza mbele ya watu wanane, "Duberney, ulikuwa wapi?"

Nikasema, "Nyumbani. Mtandao ulikatika mtaani."

"Uliongea na Yurany?"

"Ndiyo. Nilimwambia asiguse kitu mpaka nirudi hewani."

Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Ilitoka yenyewe, laini, kama ubeti.

Yurany akanigeukia. Hakukasirika, ndilo linaloniua. Aliniangalia kama mtu anayejaribu kukumbuka, labda kweli aliambiwa akasahau. Kisha akasema, "Hakuniambia. Sikumpata kabisa." Octavio akauliza tena, akanitazama mimi: miaka minane kazini. Akamtazama yeye: miezi mitano. Wangefungua rekodi za simu wangejua kila kitu kwa dakika moja. Hawakufungua.

Ijumaa Yurany akaachishwa kazi, akafungasha kikombe chake na sweta. Alisahau waya wa kuchajia simu, nikamkimbilia nao mpaka kwenye lifti. Akanishukuru. Akasema, "Asante kwa yote uliyonifundisha."

Mwezi wa pili wamenifanya mkuu wa zamu.

Siimbi tena. Hata bafuni nikianza, naisikia ile sauti iliyosema uongo mbele ya watu wanane. Ni sauti ile ile.

Usinijibu kwa kunibembeleza.

Duberney


Riosucio, 29 Juni 2025

Mwanangu,

Sijui nikusalimie vipi. Miezi mitatu na nusu nimeanza barua hii na kuichana. Dereva wa basi akaacha kuuliza, anakunywa kahawa yake na kuondoka.

Ulidhani nimenyamaza kwa sababu nimekuchukia. Nimenyamaza kwa sababu simu yako haikuisha chaji.

Ilitetemeka, Duberney. Ilianza tukiwa kwenye nyumba ya pili. Ndani ya aproni niliisikia tumboni, kama kifaranga kinachotaka kutoka. Nikanyanyuka nije. Wewe ulikuwa umefika ubeti wa tatu, macho umefumba, mabawa yametanda, na nikawaona watu wameinama mbele kama majani yanayopigwa na upepo. Nikasema, amalize tu. Ikanyamaza. Ikaanza tena. Mlipofika nyumba ya tatu haikunyamaza kabisa. Nikaibonyeza pembeni kama unavyofanya wewe, nikashikilia mpaka ikafa. Nikakaa nayo hivyo mpaka nyumba ya sita.

Nilijua ninachofanya. Usiseme "mzee hakuelewa". Ulinieleza, nifuate popote ulipo. Nilielewa vizuri kuliko unavyodhani. Nilisema moyoni, hao watu wa kompyuta wanaye siku zote, leo ni wangu. Baba yako hayupo, masikio yangu yamekufa, na kukuona tu ndiko kulikobaki. Nilikuwa na tamaa. Mwanamke wa miaka sabini na moja, mwenye tamaa kama mtoto mbele ya keki.

Kisha nikakurudishia nikisema "imezima". Nililichagua hilo neno. Halikuwa uongo, na lilikuwa uongo mtupu.

Huyo binti alipiga mara kumi na tisa. Mimi nilizihisi tumboni kama tatu hivi. Kumi na sita zote alimpigia mtu aliyezimwa na mimi. Na yule fundi viatu, Mungu anisamehe, namuwaza kila nikivaa viatu.

Nilikwenda kwa padri. Akaniandikia kwenye karatasi, kwa kuwa siwezi kumsikia, ya kwamba nisali. Nikamwandikia chini yake, "Kusali ni rahisi, Padri." Akanirudishia karatasi.

Nataka kupanda basi nije Medellín nimwambie bosi wako mwenyewe. Niambie siku. Goti litafika.

Usiniite mpenzi kwenye barua yako. Niite jina langu tu.

Belarmina


Medellín, 10 Agosti 2025

Shangazi Belarmina,

Shikamoo. Shangazi utabaki kuwa Shangazi. Natumai unakula. Mimi nakula, silali vizuri, lakini nalala.

Nitakwambia kila kitu, hata kibaya. Barua yako ilinifurahisha. Kwa siku mbili nilitembea mtaani nikiwa mwepesi, nikisema kumbe, kumbe siyo mimi, ni yeye. Nilipata mtu wa kumbebesha. Siku ya tatu nikajiona ninavyotabasamu kwenye kioo cha duka la dawa, nikaona haya kuliko siku ile ya mkutano. Simu uliizima wewe. Lakini zamu niliificha mimi, na ule uongo mbele ya watu wanane haukutoka kwenye aproni yako. Hata ungenifuata na kunivuta bawa, mwongo ningekuwa nimeshakuwa tangu Desemba. Usipande basi. Hilo la bosi ni langu.

Nilimwendea Octavio Jumatatu asubuhi. Nikamweleza nilikuwa Riosucio nikiimba, sikupatikana, na Yurany sikumwambia lolote. Akafunga mlango. Akasema, "Faili lile limefungwa. Umekuja kujisafisha au kutuchafua?" Akaniambia nipumzike wiki moja, nirudi nikiwa na akili. Ilinijaribu, Shangazi. Nilifika mpaka kwenye lifti na hiyo ruhusa. Kisha nikarudi mezani, nikaandika yote kwenye ukurasa mmoja, nikawatumia wote wanane, na chini nikaweka ule ujumbe wa Yurany na orodha ya simu kumi na tisa.

Baada ya siku nne wakanisimamisha, baada ya kumi wakaniachisha kazi. Yurany wamemtumia ukurasa wangu, wakamtaka radhi na kumwomba arudi. Hajawajibu. Kuhusu mzee fundi viatu, niliomba jina lake nikamwombe msamaha, wakaninyima, na nadhani wana haki. Hilo litakaa hivyo hivyo.

Sasa nafundisha kompyuta kwenye chuo kidogo cha ufundi huku mtaani, Jumatatu hadi Ijumaa. Jumamosi hii nitakuja huko. Siji kuimba. Nataka nisimame mbele ya kundi niseme nilichofanya, kwa sababu wanaendelea kusimulia Jumapili ile kama sikukuu safi, na muuza nyama anakupa nyama. Lako ukitaka kulisema, sema mwenyewe. Usipotaka, mimi silijui.

Jumapili iliyopita nilikwenda Bello. Genge lao liko pembeni ya uwanja wa mpira, watu walikuwa wengi, mechi imekwisha. Yurany alikuwa anahudumia. Aliponiona akasema tu, "Panga foleni." Nikapanga. Nilipofika mbele nikaanza maneno yangu niliyoyakariri njia nzima. Akanikatiza.

"Nimeusoma ukurasa wako. Sasa unataka nikusamehe hapa mbele ya watu, ili urudi ukalale?"

Nikasema hapana. Labda ilikuwa ndiyo.

Akasema, "Mimi nilijua ukweli tangu mwanzo. Yeye hakujua." Akamwonyesha mama yake, aliyekuwa nyuma anakanda unga wa mahindi. "Miezi saba anawasha mshumaa kwa ajili ya mzee yule, akidhani mwanawe ndiye aliyetaka kumuua. Mwambie yeye."

Nikazunguka nyuma ya genge. Mama ni mdogo wa umbo, mikono imejaa unga mpaka viwikoni, nadhani ni wa umri wako kasoro miaka kumi. Nikamwambia, "Mama, mimi ndiye Duberney. Mtoto wako hakukosa. Aliniita mara kumi na tisa, mimi ndiye niliyepaswa kuitika, na nikamsingizia."

Hakuacha kukanda. Akauliza, "Ulikuwa wapi?"

Shangazi, kwa Octavio nililisema kirahisi. Pale haikuwa rahisi. Ningeweza kusema nilikuwa safarini, au na mgonjwa, na angenielewa, yule mama ana uso wa kuelewa watu.

"Nilikuwa naimba, mama. Kwenye kanivali ya kwetu."

Mikono yake ikasimama ndani ya unga. Yurany akageuka kule mbele na kijiko chake.

"Basi angalau uliimba vizuri?"

Hakunikejeli. Alitaka kweli kujua binti yake aliuzwa kwa kitu gani.

Nikamwambia ndiyo, niliimba vizuri sana, kuliko siku zote za maisha yangu. Sikutaka kumwongezea uongo mwingine. Akatikisa kichwa taratibu, akarudia kukanda, na sikuambiwa niondoke wala nikae. Nikasimama pale mpaka unga ukaisha.

Mtoto wa kaka yako,
Duberney